Tarehe Tuliyoiandika Ukutani

(Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya vikundi vilivyokutana Tarbaj. Siku ile tulichanganya Kisomali na Kiswahili. Tumeombwa tuyaandike ili na wale ambao hawakufika wayasome.)

  

Tulipoambiwa tuzungumze, tulidhani tutaulizwa habari za mkopo au za kuku. Kumbe mnataka kusikia kwa nini tulifuta tarehe yetu. Habari hiyo imetembea sana. Wengine wamesema kikundi cha Tarbaj kimekufa. Hatujafa, tuko mbele yenu, na hiyo chai mnayokunywa tumeipika sisi.

Tulianza mwaka 2018. Mnakumbuka mvua za gu za mwaka ule. Malori yalilala njiani siku nyingi, lakini majani yalifika magotini na mbuzi walizaa mapacha. Mtu akiwa na maziwa ya kutosha huona kila jambo ni rahisi. Tulikuwa wanawake ishirini na wawili. Akaja mwalimu wa semina akatufundisha kuandika malengo: nini kitafanywa, nani atafanya, na lini. Kwa "nini" tulibishana siku mbili. Kwa "nani" tulibishana nusu siku. Tulipofika kwenye "lini" jua lilikuwa linatua, mtu mmoja akasema "Desemba 2022", na sote tukasema sawa. Hakuna aliyeuliza kwa nini iwe 2022 na si 2025. Mpaka leo tukiulizana ni nani aliyeutaja mwaka huo, kila mmoja anasema si mimi.

Basi tukaandika. Kila mwanachama awe na nyumba ya mabati ya vyumba viwili, kikundi kiwe na duka la unga na sukari, na tuwe na ngamia kumi wa maziwa. Kufikia Desemba 2022. Tuliandika kwenye kitabu, halafu tukampa kijana mmoja rangi nyekundu akaandika kwenye ukuta wa chumba tunachokutania, herufi kubwa, ili wageni waone. Wageni walipiga picha.

Sasa ninyi ni wafugaji, hesabuni na sisi. Wakati ule kikundi kilikuwa na ndama jike wawili wa ngamia. Ngamia jike huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka mitano hivi. Mimba yake ni miezi kumi na tatu. Akishazaa hukaa kama miaka miwili ndipo azae tena. Na ndama akizaliwa, huenda akawa dume. Haya, kutoka ndama wawili wa mwaka 2018, ngamia kumi wa maziwa wangepatikana vipi Desemba 2022? Hata mvua ingenyesha yote, hata fisi wangefunga midomo, ndama wale wangekuwa ndio kwanza wanashika mimba. Mtoto wa Tarbaj anayechunga anaijua hesabu hii. Sisi tulipokamata kalamu tuliisahau.

Na mvua nayo haikunyesha. Deyr ya 2020 haikuja. Gu ya 2021 haikuja, deyr yake pia. Gu ya 2022 ikakauka, na deyr ya 2022 ikafuata. Misimu mitano mfululizo. Katika Kenya nzima mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa katika ukame ule, na ninyi mliopita barabara ya El Wak mliona mizoga kwa macho yenu. Hatuhitaji kuwaambia.

Lakini tunataka kuwaambia tulichofanya sisi wenyewe, kwa sababu ukame ni wa Mungu na lile lilikuwa letu.

Ilipofika jilaal ya mwaka 2022, mweka hazina alisimama akasema imebaki miezi kumi na nyumba zilizokwisha ni nne tu. Tukaona haya. Badala ya kupunguza mchango, tukaupandisha. Tukaweka na faini kwa anayechelewa. Tuliambiana tusilale. Watu wakaanza kupeleka mbuzi mnadani, na si madume, madume yalikuwa yameisha zamani. Tuliuza mbuzi jike, wale wa kuzaa. Mbuzi ambaye mwaka 2019 angetuletea shilingi elfu sita tulimtoa kwa elfu moja mia tano, na dalali akichukua chake. Pesa hiyo tukanunua mabati. Ninyi wenyewe semeni, ni mfugaji gani mwenye akili anauza mbuzi wa kuzaa katikati ya ukame ili anunue bati? Tulikuwa ishirini na wawili na hatukuona, kwa sababu macho yalikuwa ukutani.

Kuna mwenzetu mmoja. Jina lake hatulitaji, na yeye ametukubalia tuseme habari yake. Alikuwa na mbuzi arobaini na kitu. Ukame ukamwachia sita. Kati ya hao sita akauza wanne ili alipe mchango na faini, na asiwe wa mwisho kujenga. Alipata mabati manane. Nguzo hakupata, pesa ilikuwa imekwisha. Baada ya hapo akaacha kuja mkutanoni. Tulisemaje? Tulisema amekuwa mvivu. Mwingine akasema ana kiburi. Tukamwandikia faini ya kutohudhuria, na faini hiyo iko kwenye kitabu mpaka leo, hatukuing'oa karatasi.

Siku moja alfajiri mwanachama wetu alimkuta kisimani. Akamwuliza, "Abaayo, mbona unatukimbia?" Akajibu, "Sikimbii ninyi. Nitakaaje chini ya ule ukuta?" Akaeleza kwamba kila asubuhi anapita nyuma ya nyumba za watu, njia ndefu na mtungi mgongoni, ili asipite mbele ya chumba chetu.

Watatu wetu tulienda kwake. Aliishi bado kwenye herio ya mikeka. Mabati manane yalikuwa yamelazwa chini ndani ya herio, na watoto wamekaa juu yake wanakunywa chai ya rangi. Maziwa hakuna, kwa sababu mbuzi waliokuwa wakikamuliwa ndio wale walioenda mnadani. Hatukuwa na la kusema. Mmoja wetu alianza kulia, na mwenye nyumba ndiye aliyembembeleza.

Desemba ikafika, kama inavyofika kila mwaka. Tulikutana kumi na mmoja tu. Katibu akasoma malengo kwa sauti ndogo. Nyumba sita. Duka hakuna. Ngamia, mmoja amekufa na mmoja amekonda. Tulikuwa kama watu waliopigwa. Ndipo eddo wetu, mkubwa kuliko sisi sote, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akauliza, "Hili deni ni la nani?"

Hatukumwelewa.

Akasema, "Naona mmeinamisha vichwa kama watu wanaodaiwa. Nani anawadai? Ni benki? Ni serikali? Ni mwenye duka? Ni kanisa lile lililoleta semina?" Tukasema hapana, hakuna. Akasema, "Basi mmejidai wenyewe pesa ambayo hamkukopa, na mmelipa kwa maziwa ya watoto."

Siku ile ile tulitafuta chokaa tukapaka ule ukuta. Rangi nyekundu ni ngumu. Mvua ikinyesha na ukuta ukilowa, 2022 bado inaonekana kidogo. Tumeiacha.

Sasa msituelewe vibaya. Hapa ndipo wengine wanaposema Tarbaj wamefundishwa kuacha kazi. Hatukuacha kujenga. Tulichoacha ni ile siku. Nyumba ni kitu kimoja na siku ni kitu kingine, na sisi tulikuwa tumevifunga kwa kamba moja mpaka siku ilipoanguka ikaanguka na nyumba. Hata wakubwa wamewahi kufanya hivyo. Mwaka 1974 serikali ilitoa mpango wa maji ambao ulitaka kila nyumba Kenya iwe na maji safi karibu nayo kufikia mwaka 2000. Mwaka 2000 ulipofika, nchi ilikuwa katika ukame mkali na kina mama wa huku walikuwa nyuma ya punda na mitungi. Je, kuna aliyesema basi tuache kuchimba visima, kwa kuwa tarehe imetushinda? Hakuna. Lakini mtu mmoja mmoja ndivyo anavyojifanyia.

Na ziko tarehe ambazo hazifutwi. Mkitoka hapa mkasema Tarbaj wamesema tarehe zote ni upuuzi, mtakuwa mmetusingizia. Chanjo ya surua ni miezi tisa, na nyingine miezi kumi na minane. Mtoto hangoji mvua. Dawa za kifua kikuu humezwa miezi sita bila kukosa, na anayekatiza katikati anajiua na kuwaambukiza jirani. Mkopo una siku yake. Mwanachama aliyeahidiwa zamu yake ya mzunguko Ijumaa apewe Ijumaa, kwa maana ameshapanga. Sisi tunatumia swali moja tu: siku hii ikipita, ni nani atakayeumia? Kama yuko mtu, siku hiyo ishikwe kwa mikono miwili. Kama anayeumia ni jina letu tu, au ni picha tuliyojichora kichwani, basi siku hiyo ni ya kwetu na tunaweza kuisogeza, au kuifuta.

Swali hili si rahisi kama linavyosikika. Tulibishana sana juu ya nyumba ya yule mwenzetu. Mmoja alisema, lakini watoto wanaumia wakilowa mvua. Kweli. Ila walikuwa wanaumia zaidi kwa kukosa maziwa, na hilo tulilileta sisi.

Tumetaja mpaka hapa mambo ya kikundi. Lakini tunajua wengi hapa mna ukuta wenu ndani ya moyo. Vijana hasa. Msichana anasema nikifika ishirini na mbili niwe nimevaa sare ya muuguzi. Kijana anasema kabla ya thelathini niwe na mke, nyumba na gari. Nani amempa miaka hiyo? Ni simu. Anafungua simu anaona wa rika lake yuko Eastleigh anafungua duka, mwingine yuko Minneapolis anafanya harusi, na yeye yuko hapa anasukuma jerikani. Tuna vijana walioondoka kwa tahriib, kupitia Sudan na Libya, si kwa njaa peke yake. Walishaamua kwamba umri fulani ukifika na hawana kitu, ni aibu kuonekana nyumbani. Baharini hakuna mtu anayemwuliza mtu ana miaka mingapi.

Na huo umri wenyewe! Tucheke kidogo. Wazee wetu huhesabu umri kwa gu. Mama anakuambia ulizaliwa gu ya kwanza baada ya ukame fulani. Halafu karani akakuangalia usoni, akaangalia meno, akaandika tarehe mosi Januari. Kuna watu wa Wajir ambao wakisherehekea siku ya kuzaliwa itabidi wilaya nzima ikate keki siku moja. Sasa mtu anajitesa kwamba amefika thelathini bila kuoa, na hiyo thelathini imetoka kichwani kwa karani.

Msichana tuliyemtaja, yule wa uuguzi, ni binti wa kikundi chetu. Alichunga mbuzi mpaka miaka kumi ndipo akaingia darasa la kwanza. Novemba 2014 basi lilishambuliwa karibu na Mandera, walimu wakiwa miongoni mwa waliouawa, na mwaka uliofuata walimu wengi wa kutoka sehemu nyingine waliondoka kaunti zetu. Binti akakaa mwaka mzima hana mwalimu, akarudia darasa. Akafika sekondari, Machi 2020 shule zikafungwa nchi nzima kwa korona mpaka Januari 2021. Alipofika ishirini na mbili, ile aliyojiwekea, alikuwa bado amevaa sare ya shule. Akataka kuacha kidato cha nne miezi michache kabla ya mtihani. Alisema wenzake wana watoto wawili, yeye anakaa dawati moja na watoto.

Tulimwambia habari za Mzee Kimani Maruge wa Eldoret. Serikali iliondoa karo ya shule za msingi mwaka 2003, na Januari 2004 mzee huyu, mwenye miaka themanini na minne, alivaa kaptula na soksi ndefu akaingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiyo. Alitaka ajue kusoma Biblia mwenyewe, na kuhesabu pesa zake asipunjwe. Mwaka 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza akaenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Vurugu za baada ya uchaguzi zilipomfukuza kwake mwaka 2008 alilala kwenye hema la wakimbizi na bado alienda shule. Alikufa Agosti 2009. Mtihani wa darasa la nane hakuufikia. Binti akatuuliza, "Sasa kama hakumaliza, ilimsaidia nini?" Ni swali zuri, na hatukulijibu vizuri siku ile. Eddo ndiye aliyesema, "Alikuwa amekwisha kujua kusoma." Binti alifanya mtihani wake. Chuo hajapata. Kwanza alisumbuka na kitambulisho, mnajua jinsi vijana wetu walivyokuwa wakihojiwa mbele ya kamati za wazee na maafisa, mambo ambayo Rais alitangaza yamekwisha alipokuwa Wajir Februari 2025. Sasa anangoja barua ya chuo. Hatujui kama itakuja. Wakati anangoja, yeye ndiye anayetuandikia kitabu.

Tumeulizwa mara nyingi: mkifuta tarehe, mnajuaje kama mnaenda mbele? Ndugu mmoja wa Garissa alituambia waziwazi kwamba watu bila tarehe hulala. Ana haki kidogo. Wako wawili kati yetu waliolegea kabisa baada ya kupaka ule ukuta, na tunalijua hilo, nao wanajijua, wako hapa wanacheka. Lakini faini haikuwa imewaamsha hao pia.

Tulichofanya ni hivi. Zamani kitabu kilisema "kabla ya". Sasa kinasema "baada ya". Baada ya mbuzi kuzaa na watoto wao kuacha kunyonya, tutauza madume. Baada ya madume kuuzwa, tutanunua nguzo za nyumba moja. Baada ya nyumba moja kwisha, tunaanza nyingine. Mtu akihamisha mifugo hasemi nitahama tarehe kumi na tano. Anaangalia majani, anaangalia maji, anamtuma kijana mbele aone, ndipo anafunga mzigo. Akisikia mvua imenyesha upande wa pili anageuza. Hakuna anayemwita mvivu. Mwisho wa gu na mwisho wa deyr tunakaa chini kutwa nzima, tunafungua kitabu, tunauliza tuko wapi na kitu kinachofuata ni kipi. Kama hakuna kilichosogea tunauliza sababu. Wakati mwingine sababu ni mvua, na wakati mwingine ni sisi, na hapo tunasemana kweli kweli.

Mchango wa kila wiki tumeushusha ukawa kiasi ambacho hata aliyeshikwa na ukame anaweza kutoa. Huo una siku yake, Alhamisi, na haujafutwa. Faini tumeiondoa. Mtu asipoonekana wiki mbili, wawili wanaenda kwake, na hawaendi mikono mitupu, wanabeba sukari.

Deyr ya 2023 ilikuja kwa nguvu mpaka ikawa mafuriko. Choo tulichojenga kilibomoka. Lakini majani yaliota, na yule ngamia aliyekonda alinenepa. Wale mabati manane yako juu sasa. Nguzo zilinunuliwa na kikundi, kwa sababu deni lile tuliona ni letu. Mwenye nyumba hakufurahi sana siku ya kuhamia. Alisema bati lina joto kuliko mikeka, na mchana bado anakaa kwenye herio. Mbuzi amefikisha kumi na mmoja. Duka bado hatuna. Kwenye kitabu, ukurasa tulioko umeandikwa: baada ya kuuza madume manne, kununua mbao za rafu.

Madume yenyewe ni yale matatu mnayoyaona pale chini ya mgunga, na la nne bado linanyonya. Wanaotaka kuona kitabu, kiko kwa binti, mwombeni awafungulie kabla gari lenu halijaondoka.